Wana wa Bibi (kikundi): filamu ya Jumamosi

Shangazi Rukia, 07:12
Hamjambo nyote. Jumamosi saa kumi jioni tunakaa na Bibi kuangalia filamu. Si maigizo, ni dokumentari, watu wa kweli. Kila mmoja aandike anakuja au haji. Nataka jibu leo.

Shangazi Rukia, 09:40
Naona mmesoma wote. Majibu hakuna.

Hamisi, 09:58
Shikamoo shangazi. Mimi nipo. Tuangalie ile ya pweza, My Octopus Teacher. Yule jamaa wa Afrika Kusini, Craig Foster, alikuwa anazamia bila mtungi wa hewa, karibu kila siku, hadi pweza akamzoea na kumshika mkono. Ilichukua Oscar 2021.

Zai, 10:01
Ile niliililia 😭 Papa alipomng'oa mkono mmoja nilifunga macho. Bahati ukaota tena.

Hamisi, 10:02
Pweza ana mioyo mitatu, mnajua?

Salma, 10:02
Na mikono minane. Angekuwa humu shangazi angeshapata majibu manane 😂

Hamisi, 10:03
😂😂😂

Shangazi Rukia, 10:10
Marahaba Hamisi. Sasa turudi kwenye mada. Ya pweza nimeiona, nzuri sana, ila pweza hana cha kumsamehe mtu. Mimi nataka The Imam and the Pastor, ya 2006. Wanaijeria wawili wa Kaduna, Imamu Muhammad Ashafa na Mchungaji James Wuye. Kila mmoja alikuwa na vijana wake wa kupigana. Kwenye machafuko ya 1992 mchungaji alipoteza mkono wa kulia. Imamu akapoteza mwalimu wake na binamu zake wawili. Hao hao ndio walioanzisha kituo cha upatanishi. Haifiki saa nzima.

Baba Mkubwa, 12:31
Rukia, hiyo umeichagua kwa sababu gani?

Shangazi Rukia, 12:31
Kwa sababu ni nzuri, kaka.

Baba Mkubwa, 12:50
Haya.

Salma, 13:15
Na mimi nina yangu. A Small Act, ya 2010. Mama mmoja wa Sweden, Hilde Back, alimlipia karo mtoto wa Kenya ambaye hajawahi kumwona. Yeye mwenyewe alikimbia Wanazi akiwa mdogo, wazazi wake wakafia kambini. Yule mtoto, Chris Mburu, akaja kuwa wakili wa haki za binadamu Umoja wa Mataifa, akaanzisha mfuko wa elimu kwa jina la huyo mama kabla hata hawajaonana. Wanapokutana, mzee wa watu anashangaa makuu yote hayo ya nini.

Zai, 13:20
Hiyo! Kura yangu hapo.

Baba Mdogo, 15:47
Kumbe kuna Jumamosi. Mimi kama kawaida habari hunifikia mwisho. Kama ile harusi.

Shangazi Rukia, 15:48
Mdogo wangu, ujumbe upo hapa tangu asubuhi.

Baba Mdogo, 15:49
Nazungumzia harusi.

Baba Mkubwa, 15:55
Ujumbe huu umefutwa

Hamisi, 15:56
Jamani nani ana projekta?

Baba Mkubwa, 16:04
Kadi niliitoa kwa mkono wangu. Aliyepewa aifikishe yumo humu humu. Aseme.

Shangazi Rukia, 17:30
Hakuna anayesema? Basi niseme mimi. Yule mchungaji mwenyewe ameshasimulia kwamba walipolala chumba kimoja safarini, aliwaza kumziba mwenzake pumzi kwa mto akiwa usingizini. Na hapo walikuwa tayari wanafanya kazi pamoja! Ndiyo maana hawa wawili nawaamini. Siku waliyopeana mkono chuki ilikuwa bado ipo. Waliendelea kufanya kazi nayo ikiwa moyoni, miaka, mpaka ikaisha. Sijui kwa nini sisi tunasubiri iishe kwanza ndipo tukae pamoja.

Hamisi, 17:41
Projekta jamani 🙏

Bibi, 19:20
🎤 Ujumbe wa sauti

Zai, 19:26
Kwa walio kazini, Bibi anasema hivi, naandika kama alivyotamka: "Kiingereza mimi sikijui, kwa hiyo hiyo picha mtakayochagua ni yenu. Ninachotaka, Mkubwa akae kulia kwangu anitafsirie, na Mdogo kushoto anitafsirie. Akikosekana mmoja, msiwashe."

Baba Mkubwa, 21:15
Nimekusikia, mama.

Shangazi Rukia, 21:16
Na mdogo wetu?

Baba Mdogo, 22:38
Kiingereza changu si kama cha watu wengine humu.

Shangazi Rukia, 22:38
Unakuja?

Baba Mdogo, 22:44
Saa kumi nitakuwa kazini. Labda kumi na moja.

Baba Mkubwa, 22:45
Kumi na moja mimi nina safari.

Shangazi Rukia, 22:47
Kaka, safari isogee. Tunaanza kumi na moja kamili, ya imamu na mchungaji kwanza, ya Salma baadaye.

Baba Mkubwa, 22:58
Nitaangalia.

Hamisi, 23:02
Na pweza?

Shangazi Rukia, 23:03
Wewe tafuta projekta. Na wengine bado hamjajibu.