Fedha za mafuriko Tana River: Hazina ya Dharura au fungu la bajeti?

WadiTanaDelta:
Wadau, habari zenu. Kamati yetu ya wadi inaandaa mapendekezo ya bajeti ya kaunti. Kila tukitaja maandalizi ya mafuriko tunajibiwa kwamba Hazina ya Dharura ipo. Je, fedha hizo zinaweza kutoka kabla maji hayajafika? Na ombi letu tuliandikeje lisikatwe?

HesabuZaKaunti:
Salamu, ndugu. Jibu hilo mnalopewa ni nusu tu. Soma Sheria ya Kenya ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 110 hadi 115. Hazina ya Dharura ya kaunti huanzishwa kwa idhini ya bunge la kaunti, na malipo yake ya mwaka hayaruhusiwi kuzidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti kwa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Kaunti yenye mapato ya shilingi bilioni 8 haivuki milioni 160, na hizo ndizo za ukame, moto na kipindupindu pia.

Kifungu cha 112 kinataka mambo mawili yawepo pamoja: haja iwe ya haraka, na iwe haikutarajiwa. Tukio linalotishia maisha, makazi, chakula au maji linahesabiwa hata kabla halijaleta hasara, kwa hiyo kuhamisha watu maji yakiwa njiani kunaruhusiwa. Lakini kuchimba mitaro na kuinua tuta kwenye mto unaofurika msimu baada ya msimu si jambo lisilotarajiwa. Mkaguzi Mkuu akilikuta hilo atalihoji, na atakuwa sahihi. Waziri wa fedha wa kaunti akishatoa malipo ana miezi miwili kupata idhini ya bunge.

Maandalizi yaingie kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, unaofikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanafuata kufikia tarehe 30 Aprili. Mkisubiri vikao vya Mei kuomba jambo ambalo halimo kwenye mpango, mmechelewa, hata mkisema maneno mazuri namna gani.

Na kuna mtego mwingine. Kifungu cha 154 kinazuia fedha za maendeleo kuhamishiwa matumizi ya kawaida. Boti ni maendeleo, mafuta yake ni matumizi ya kawaida. Boti ikipitishwa bila mafuta, posho za nahodha na matengenezo, itakaa ufukweni siku mnayoihitaji.

MajiNaMakazi:
Kuhusu kuandika: "Kudhibiti mafuriko, milioni 20" ndiyo laini ya kwanza kukatwa, maana hakuna anayejua nini kitakosekana ikiondolewa. Andikeni kwa idadi.

Chukueni kambi ya familia 500, watu 2,500. Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 37,500: safari nne za lori la lita 10,000. Vyoo ni kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo (vyoo 50), kisha kimoja kwa watu 20 wakikaa zaidi (vyoo 125). Hema au paa: mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Maji yatiwe klorini hadi ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita pale bombani. Bila kipimo cha klorini mnakisia tu, na kipindupindu hakingoji. Zidisheni kwa siku 30, pangeni bei za soko la Garsen au Hola, mtapata kiasi kinachoweza kutetewa.

Wekeni pia alama ya kuanza kazi, nayo iandikwe ndani ya mpango. Bwawa la Masinga, la juu kabisa kwenye mabwawa ya mto Tana, hujaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likimwagika, maji hupita mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kuteremka Garissa na kwenu. Tangazo la kufurika liwe amri ya kutoa boti na kuhamisha wagonjwa na wazee, si la kuitisha kikao.

UnunuziWaUmma:
Naongeza moja. Fedha zikiwepo bila mkataba, bado mtakwama. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu kununua moja kwa moja wakati wa janga, ila si kama haraka hiyo imetokana na uzembe wa ofisi yenyewe. Njia safi ni mkataba wa jumla chini ya kifungu cha 114 cha sheria hiyo ya ununuzi, usiozidi miaka mitatu: wauzaji wanachaguliwa wakati wa kiangazi, kisha bidhaa zinaagizwa kadiri zinavyohitajika.

WadiTanaDelta:
Shukrani sana. Magunia ya mchanga je? Tuta letu linavuja kwenye mita 200 hivi.

MajiNaMakazi:
Ukuta wa sentimita 30 kwenda juu hula magunia madogo 600 hivi kwa kila mita 30. Kwa mita 200 ni 4,000. Ongezeni 400 ya yatakayopasuka. Ukuta ukipanda juu zaidi, kitako kiwe mara tatu ya kimo, kwa hiyo idadi hupaa haraka. Msitumie gunia la mahindi la kilo 90, halibebeki. Jazeni nusu tu, kilo 15 hadi 18, mdomo ukunjwe chini na uelekee maji yanakotoka. Magunia ya nailoni yahifadhiwe matupu, ndani, mbali na jua. Yakijazwa Januari kungojea masika, jua litakuwa limeyala kabla ya Aprili.