Jeli ya bamia inanuka siku ya tatu, siagi ya nywele inayeyuka: naomba ushauri

NyweleZaKusini
Wanajamvi, heshima kwenu. Niko Mtwara mjini, nywele zangu ni za kipilipili na nazisokota twisti. Nina shida mbili.

Kwanza, jeli. Nachukua bamia 10, maji vikombe 3, nachemsha nusu saa, nachuja kwa chujio la chai, nakamulia ndimu moja ili isiharibike na kuongeza kijiko cha unga wa muhogo iwe nzito. Ikikauka kichwani inaacha unga mweupe, na siku ya tatu chupa inanuka.

Pili, siagi ya shea na mafuta ya nazi nusu kwa nusu, napiga kwa mashine ya keki mpaka inaumuka vizuri. Kufika mchana ni mafuta matupu ndani ya kopo. Nikosoeni bila kunionea haya.

BintiMikindani
Dada, anza kwa kuutoa muhogo. Wanga ukikauka unavunjika vipande vidogo, huo ndio weupe unaouona. Hata ukiuchemsha vizuri, ukitikisa twisti utapukutika tu.

Ndimu nayo itoe. Ute wa bamia ukikutana na uchachu unalegea, na moto wa muda mrefu unaulegeza vilevile. Ndiyo maana ulijikuta unatafuta kitu cha kuongeza uzito: nusu saa jikoni na ndimu juu yake vilikuwa vimeshaukata.

Fanya hivi. Bamia changa gramu 100, zile zinazokatika kwa kisu bila nyuzi, na maji mililita 400. Kata vipande vyembamba, weka maji yakiwa baridi, moto mdogo. Yakianza kutokota hesabu dakika 10, epua, funika dakika 5. Chuja ingali moto, kwa sababu ikipoa haipiti kitambaani hata ukamue vipi. Chujio la chai lina matundu makubwa na linapitisha vipande vya bamia ambavyo navyo vinaonekana kama mba. Tumia soksi nyembamba ya nailoni, mpya, iliyofuliwa. Ukiinua mwiko, ute uning'inie kama wa yai bichi. Ukidondoka kama maji, rudisha jikoni na bamia nyingine mbichi chache. Usiukaushe kwa kuendelea kuuchemsha.

Msusi_Ligula
Naongezea kwenye weupe. Mara nyingi jeli haina kosa, ila imegombana na krimu iliyopakwa chini yake. Kabla ya kupaka kichwa kizima, changanya kidogo cha krimu na kidogo cha jeli kiganjani, sugua. Ikibaki laini, endelea. Ikikatika chengachenga kama maziwa yaliyoganda, na kichwani itakuwa hivyo hivyo, badilisha krimu.

Paka nywele zikiwa na maji, fungu kwa fungu, jeli kiasi cha kijiko cha chai kwa fungu la upana wa vidole vinne. Ukishasokota usiziguse mpaka zikauke kabisa. Zikikauka ngumu, weka tone la mafuta viganjani uzikamue taratibu.

Maabara_Lindi
Kuhusu harufu. Jeli ya bamia ni maji na chakula cha vijidudu, na joto letu la pwani linafanya mengine. Ndimu, vitamini E na mafuta ya karafuu havihifadhi jeli. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, kwa bakteria na ukungu haina kazi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoweka kihifadhi: mimina jeli kwenye trei ya barafu, igandishe, toa vipande vya kutumia siku hiyo. Iliyoko kwenye friji ya kawaida imalize ndani ya siku 5. Ukiona povu, imekuwa nyepesi ghafla au imebadilika harufu, mwaga, usiichemshe upya.

Ya pili ni kihifadhi chenye fenoksietanoli, asilimia 1 ya uzito wote, yaani gramu 3 kwa jeli ya gramu 300. Kwa kijiko hutapata kipimo hicho, tafuta mzani mdogo unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Kiingie jeli ikiwa imepoa hadi chini ya nyuzi 40, ukoroge dakika 2 nzima. Kwa bamia nakipenda hiki kuliko potasiamu sobeti, kwa kuwa sobeti inahitaji uchachu ndipo ifanye kazi, na uchachu ndio huo unaoua ute. Chupa ioshwe kwa maji ya moto ikauke kabisa, na usichote kwa vidole.

Kama unaweka glisarini, isizidi asilimia 2, na msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, iache kabisa. Inavuta unyevu wa hewani, twisti zinavimba na kunata.

MafutaYaUfuta
Nije kwenye siagi, hapa pana raha yake. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24 au 25 hivi, kwa hiyo Mtwara mchana yako maji karibu mwaka mzima. Ukiyaweka nusu, umeshaamua kopo liwe la maji. Upepo ulioupiga kwa mashine nao unatoka shea ikilainika, ndiyo maana kopo linaonekana limepungua.

Tengeneza ya kukaa bila kuipiga, gramu 100: shea 55, nta ya nyuki 10, mafuta ya ufuta 20, ya nyonyo 15. Huku ufuta ni wetu, tafuta uliokamuliwa bila kukaangwa, la sivyo kichwa kitanukia kashata. Bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, nta na ufuta vitangulie, kwa sababu nta inahitaji nyuzi zaidi ya 60. Ikiyeyuka, epua, tia shea na nyonyo, ikoroge iishe kwa joto lililobaki. Kisha weka bakuli kwenye maji ya barafu huku unakoroga mpaka rangi ianze kufifia, ndipo umimine makopo. Shea ikipoa polepole inafanya chembechembe kama sukari. Ikitokea, yeyusha tena na uipoze haraka.

Tone la maji lisiingie. Na kama mafuta ya nazi unayapika mwenyewe kwa tui, acha jikoni mpaka milio na mapovu yaishe, chuja mashapo. Maji yakibaki ndani, yatachacha.

Nta haitoki kwa maji matupu, weka kiasi cha punje ya mahindi kwa twisti nne na uoshe kwa shampuu.

NyweleZaKusini
Asanteni sana. Naweza kuchanganya mshubiri kwenye jeli? Na majirani wameanza kuomba niwauzie.

BintiMikindani
Mshubiri sawa, ila kata jani, lisimamishe dakika 15 ule utomvu wa njano udondoke, ndio unaowasha ngozi. Osha, chukua nyama ya ndani isiyo na rangi, saga, chuja. Hesabu nayo kama maji, kihifadhi kipimwe kwa jumla yake.

Maabara_Lindi
Kuuza ni habari nyingine. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na jeli yenye maji ndiyo itakayokuletea kesi mapema. Pita SIDO Mtwara, wale wa viwanda vidogo, uulize utaratibu kabla hujachapisha lebo. Kwa sasa wapikie ya nta, ya bamia wafundishe wajichemshie kwao.