Mbwa wa wenye magari hawana sheria? Mwanangu ameng'atwa!

Jamani, nina hasira na sitaificha. Jumapili jioni nilimpeleka binti yangu wa miaka 6 kwenye bustani moja ya hapa Mombasa inayotazama bahari. Tumekaa zetu kwenye nyasi na mihogo yetu, mara jibwa likaja mbio bila kamba, likamwangusha mtoto na kumng'ata pajani. Mwenyewe yuko mbali kule anapiga kelele, "Hana neno huyo, anacheza tu!" Anacheza na nyama ya mwanangu?

Namwendea askari wa langoni, ananijibu, "Mzee, sisi hatujaagizwa kuzuia mbwa." Na ni huyuhuyu niliyemwona wiki iliyopita akimfukuza kijana mwenye kijibwa alichokifunga kamba ya katani! Cha kamba kimekatazwa, kilichoshuka kwenye gari kubwa kinapigiwa saluti.

Najua wapo watakaosema nachukia mbwa kwa ajili ya dini. Ni kweli, kwetu mate ya mbwa ni najisi, na mtu akilambwa kanzu Magharibi imekaribia ni taabu. Lakini kichaa cha mbwa kinaua Muislamu na Mkristo sawasawa. Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno. Mama wa mihogo, Mungu amlipe, ndiye aliyetoa sabuni tukaosha kidonda dakika 15 nzima huku mtoto analia, ndipo tukakimbilia sindano.

Sisemi mbwa wapigwe marufuku. Nataka sheria iandikwe langoni kwa maandishi makubwa: kamba muda wote, cheti cha chanjo ya kila mwaka kionyeshwe, mavi aokote mwenyewe. Na imbane kila mtu! Mbona kwenye mbuga za taifa mbwa haingii kabisa na watu wanatii? Huko ufuoni nako wakiachiwa ovyo wanafukua mayai ya kasa, na hapo pia hakuna anayeulizwa.

Nilipomwomba yule mama mwenye mbwa cheti cha chanjo alimwita mbwa wake, akafunga mlango wa gari, akaondoka. Daktari anasema mbwa aangaliwe siku 10. Ataangaliwa na nani, na mwenyewe simjui? Dada, kama unasoma hapa, jitokeze. Sindano ya pili ni Jumatano.