Chipu ya L298N inajizima inapoendesha kipoozaji cha Peltier

Muulizaji:
Ndugu mafundi, ninatengeneza kisanduku cha kupoza kwa kutumia kipoozaji cha Peltier (kigae cha umeme ambacho upande wake mmoja hupoa na wa pili hupata joto) aina ya TEC1-12706, na kwa kuwa nilibakiwa na bodi ya L298N, chipu ya kuendeshea mota, kutoka kazi ya mota, niliamua kuitumia kukiendesha. Njia zake mbili nimeziunganisha sambamba, pawasaplai ni ya volti 12, na PWM (mapigo ya kuwasha na kuzima umeme kwa kasi ili kudhibiti nguvu) inatoka kwenye bodi ya kudhibiti ya Arduino Uno kwa takriban hezi 490. Baada ya dakika chache chipu inachemka kiasi cha kutoshikika, inajizima, kisha inarudi yenyewe. Volti 12 zinaingia, lakini kwenye nyaya za kipoozaji napima volti 8.6 tu, hata PWM ikiwa asilimia 100. Linalonitatiza zaidi ni kwamba nikiishusha hadi asilimia 50, upande wa baridi unakaribia kuwa vuguvugu. Je, chipu imeharibika?

FundiSaketi:
Chipu yako ni nzima, ila umeibebesha mzigo usio wake. L298N imejengwa kwa transista za zamani za baipola, ambazo hula volti kadhaa kabla umeme haujafika kwenye mzigo, na kadiri mkondo unavyoongezeka ndivyo zinavyokula zaidi. Volti 3.4 unazozikosa zinageuka joto ndani ya chipu: ikiwa kipoozaji kinavuta ampea 3.4, hizo ni wati zaidi ya 11, na ndiyo maana kinga yake ya joto inakata umeme. Mota ndogo huvuta mkondo mkubwa inapoanza tu, kisha hupumua. Peltier haina kupumua. Kuunganisha njia sambamba kunakufikisha ampea 3.5 kwa shida, tena iwapo katika nusu nne za njia hizo umeoanisha ya 1 na ya 4, na ya 2 na ya 3. Tumia daraja (saketi inayoweza kugeuza mwelekeo wa mkondo) la MOSFET, yaani transista zisizokula volti nyingi, kama BTS7960, lenye ukinzani wa takriban miliomu 16. Kwa ampea 4 litapoteza robo ya wati hivi. Na kama huhitaji kugeuza mkondo ili kupasha joto, achana na daraja kabisa, MOSFET moja inatosha.

Omu_Moja:
Naafiki, lakini kubadilisha chipu hakutaondoa tatizo la asilimia 50. Upoozaji hufuata wastani wa mkondo, ilhali joto linalozalishwa na ukinzani wa kipoozaji chenyewe hufuata mraba wa mkondo. Kwa mapigo ya nusu kwa nusu, wastani ni nusu, lakini joto hilo ni maradufu ya lile ambalo mkondo tulivu wenye wastani uleule ungelileta, na sehemu yake hurudi upande wa baridi. Weka kichujio cha koili na kapasita, mathalani mikrohenri 47 na mikrofaradi 470, koili iwe ya kuhimili ampea zaidi ya 6. Kichujio hicho huanza kulainisha kwenye takriban kilohezi 1, kwa hiyo hezi 490 zitapita kana kwamba hakipo. Pandisha PWM hadi kilohezi 20.

Muulizaji:
Nawashukuru. Nimefunga BTS7960 pamoja na kichujio, na PWM sasa ni kilohezi 20. Kwenye asilimia 100 kipoozaji kinapata volti 11.7, chipu ina uvuguvugu tu, na kwenye asilimia 50 upande wa baridi unabaki baridi kweli. Naweza sasa kugeuza mkondo ili kisanduku kipate joto usiku?

Omu_Moja:
Subiri kwanza. Ikiwa kapasita yako ni ya elektroliti (yenye upande wa chanya na wa hasi) na imefungwa kati ya nyaya mbili za kipoozaji, kugeuza mkondo kutaigeuzia chanya na hasi, nayo inaweza kupasuka. Weka koili kwenye kila waya, kisha kapasita moja kutoka kila waya hadi kwenye hasi ya pawasaplai; hapo hakuna itakayoona volti za kinyume, upande wowote utakaoendesha.