Naomba ushauri: mhusika mwenye ualbino kwenye filamu ya familia

Wakuu, kuna filamu fupi ya kifamilia inaandaliwa Dar. Binti wa pili ana ualbino, wazazi na kaka yake ni weusi. Mtayarishaji anataka staa apakwe poda na kuvalishwa wigi. Napinga: kwenye picha ya karibu poda hupasuka pembeni mwa mdomo, kope zinamsaliti, na wenye ualbino wanaoweza kuigiza wapo. Chama cha watu wenye ualbino Tanzania, TAS, kinaweza kuulizwa.

Picha za nje ni kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi inapakwa upya kila baada ya saa mbili. Skripti ya maandishi makubwa, maana wengi uoni wao ni hafifu.

Kinachosumbua ni meza ya chakula. Ukipima mwanga wa kamera kwa uso wa kaka, wa dada unaungua, yaani unatoka mweupe kupita kiasi kwenye picha. Ukipima kwa dada, kaka anazama gizani. Nafikiria kupima kwa dada, kisha kumrushia kaka mwanga kwa riflekta nyeupe (ubao wa kurudisha mwanga). Itatosha, au nimkalishe kaka upande wa dirisha? Na mtayarishaji aelezweje akubali?