Mrejesho: soya iliyokuwa ya manjano

Wakuu, msimu uliopita niliwauliza kwa nini soya yangu inageuka manjano na mizizi haina vinundu, wakati maharage ya jirani yanavyo tele. Mkaniambia vinundu hutengenezwa na bakteria wanaoupa mmea naitrojeni, na soya inachagua bakteria wake, na shamba ambalo halijawahi kulimwa soya huenda halinao.

Basi safari hii nilichanganya mbegu na chanjo ya rhizobia (ndio bakteria hao) kivulini, nikapanda siku ileile udongo ukiwa na unyevu. Nikaweka mbolea ya Minjingu kwa ajili ya fosforasi. Urea sikugusa, maana mmea ukipata naitrojeni ya bure hauhangaiki kuwalisha bakteria sukari.

Zilipoanza kutoa maua niling'oa miche michache (kwa jembe, ukivuta kwa mkono vinundu vinabaki chini). Vimejaa karibu na mzizi mkuu, na nikikipasua kimoja kwa kucha, ndani ni chekundu kama nyama. Hapo naitrojeni ya hewani inageuzwa kuwa chakula cha mmea. Vyeupe au vya kijani havifanyi kazi.

Mstari niliouacha bila chanjo bado umepauka. Mavuno sijapima, ziko shambani.

Swali jipya: mahindi yatakayofuata, nipunguze urea kiasi gani? Mbegu nauza, mabaki nafukia.