Kodi mbili, wiki moja: malalamiko yangu kuhusu msamaha wa kodi wa vifaa vya dharura hapa Texas

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaoishi Houston na miji mingine ya Texas, naandika nikiwa na hasira ambayo nimeikalia muda mrefu. Jambo lenyewe ni msamaha wa kodi ya mauzo kwa vifaa vya kujiandaa na vimbunga na dharura nyingine, ambao jimbo hili hutoa kwa siku 3 tu kila mwaka, kuanzia Jumamosi inayotangulia Jumatatu ya mwisho ya Aprili hadi usiku wa manane wa Jumatatu hiyo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2015 na ikaanza kutumika mwaka 2016. Tangu hapo kila mwaka tunahimizwa kwenda madukani kununua betri, tochi, maturubai na jenereta, na kila mwaka watu wa kipato kama changu hubaki kuwatazama wengine wakifaidi.

Kwa ndugu walio nyumbani, kodi hii haifanani na VAT mliyoizoea, ambayo huwa imeshaingizwa kwenye bei iliyobandikwa rafuni. Hapa unasoma dola 40 kwenye rafu, na ukifika kwa mtunza fedha ndipo inaongezwa asilimia 6.25 ya jimbo pamoja na sehemu ya mji na mamlaka za eneo, ambayo haizidi asilimia 2. Houston jumla yake ni asilimia 8.25. Anayehesabu shilingi yake kabla ya kutoka nyumbani anajua kwamba hiyo si pesa ndogo.

Kimbunga Beryl kilipoingia pwani ya Texas tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 wa umeme katika eneo la Houston walibaki gizani. Sisi tulikaa siku 6. Mama mkwe wangu anatumia insulini, na katika joto lile la Julai tulikuwa tumeweka dawa yake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka katika beseni la kufulia. Usiku niliamka kila baada ya saa mbili kumwaga maji na kupapasa kama bado kuna kipande kigumu kilichosalia. Siku ya nne barafu haikupatikana tena dukani, nikaipata kwa jirani ambaye jenereta yake ilikuwa inafanya kazi. Nilijiapiza kwamba jambo hilo halitatukuta tena hivyo.

Kwa hiyo Aprili 2025, msamaha ulipofika tarehe 26 hadi 28, nikaagiza deli zuri la kuhifadhia barafu. Orodha ya serikali inalitaja bayana: deli lisilotumia umeme, la bei iliyo chini ya dola 75, halitozwi kodi. Langu lilikuwa dola 69.99. Kwa kuwa sina gari, na deli la ukubwa ule huwezi kupanda nalo basi mbili, nikachagua kuletewa nyumbani kwa dola 9.99. Risiti ilipokuja nikakuta nimetozwa kodi ya dola 6.60. Nikapiga simu nikidhani ni kosa la duka, na binti aliyenipokea alinieleza kwa upole kwamba si kosa: kwa mujibu wa sheria, gharama ya kuletewa mzigo huhesabiwa kuwa sehemu ya bei, hivyo deli langu lilikuwa la dola 79.98 na lilishavuka kikomo. Nilikwenda kusoma maelezo ya sheria mwenyewe. Ni kweli.

Hebu litazameni jambo hilo kwa utulivu. Mwenye gari anaingia dukani, anabeba deli lile lile kwa dola 69.99 na halipi kodi hata senti. Asiye na gari analipa dola 9.99 za usafiri kwa sababu hana gari, kisha anatozwa kodi juu ya deli pamoja na usafiri wake, pia kwa sababu hana gari. Wala kodi hiyo haitozwi kwenye kile kidogo kilichozidi dola 75, bali kwenye kiasi chote. Msamaha wa aina hiyo unampita mlemavu, mzee asiyeendesha na mkimbizi aliyefika mwaka jana, ambao ndio hasa wanaokwama maji yanapopanda.

Sasa linganisheni viwango. Jenereta ya kubebeka inasamehewa kodi ikiwa bei yake haijafika dola 3,000. Mwenye uwezo wa kutoa dola 2,999 kwa mkupuo anaokoa takriban dola 247. Mimi nikinunua tochi, betri na kopo la kubebea mafuta kwa jumla ya dola 40, ninaokoa dola 3.30. Ngazi za dharura na vifuniko vya madirisha vya kuzuia kimbunga vinasamehewa vikiwa chini ya dola 300, lakini mbao za plaiwudi, ambazo ndizo mtu wa kawaida huzipigilia madirishani upepo ukitangazwa, zimeachwa nje na zinatozwa kodi kamili. Mahema nayo yameachwa nje, na vipuri vya jenereta vilevile, kwa hiyo anayefufua jenereta kuukuu analipa kodi na anayenunua mpya halipi. Jimbo la Alabama, ambalo kiwango chake cha jenereta kinaishia dola 1,000, limeiweka plaiwudi kwenye orodha ya msamaha wake wa Februari. Kwa nini sisi tushindwe?

Linaloniudhi zaidi ni tarehe. Jumatatu ya mwisho ya Aprili daima huangukia kati ya tarehe 24 na 30, yaani wiki ambayo kila mpangaji ameishika mkononi pesa ya kodi ya nyumba inayodaiwa tarehe 1 Mei. Lugha yetu imeziita zote mbili kodi, na wiki hiyo, moja inatusubiri mlangoni wakati nyingine inatusamehe dukani. Hakuna baba wala mama mwenye akili atakayechukua pesa ya pango akanunue redio ya hali ya hewa ili aokoe dola 4, kisha alipe faini ya kuchelewesha pango. Sisi hununua siku ya mshahara, au siku kimbunga kinapopewa jina na kuonekana Ghuba ya Meksiko, na siku zote hizo tunatozwa kikamilifu. Mwaka 2024 msamaha uliisha tarehe 29 Aprili, na tarehe 16 Mei upepo mkali ukavunja vioo vya maghorofa katikati ya Houston na kukata umeme. Zilikuwa zimepita siku 17 tu.

Tena kuna kifaa kimoja ambacho kukitoza kodi siku yoyote ya mwaka ni dhambi, nacho ni kengele ya gesi ya kaboni monoksaidi. Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunazijua habari za familia zilizolala na jiko ndani zisiamke. Februari 2021, gridi ya umeme ya Texas iliposhindwa kuhimili baridi, watu walikufa hapa kwa gesi hiyo hiyo, wengine wakiota joto la gari lililowashwa ndani ya gereji, wengine wakitumia jenereta au majiko ya mkaa ndani ya nyumba. Florida imeshaliona hilo: tangu tarehe 1 Agosti 2025 kengele hizo, pamoja na betri, maturubai na jenereta za kubebeka, hazitozwi kodi ya mauzo mwaka mzima.

Wapo watakaosema kwamba wengi wetu si raia, kwa hiyo tunyamaze. Mtunza fedha hajawahi kuniuliza hati ya uraia kabla ya kunitoza asilimia 8.25.

Ninachotaka ni mambo matatu: gharama ya usafiri isihesabiwe katika kikomo cha bei, plaiwudi iingizwe kwenye orodha, na kengele za gesi na betri zisamehewe mwaka mzima kama Florida, na tochi vilevile, hata kama ni kwa kupunguza kile kiwango cha dola 3,000 cha jenereta. Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida mara moja kila baada ya miaka miwili, kwa muda usiozidi siku 140, na kikao kijacho kinaanza tarehe 12 Januari 2027. Miswada huanza kupokelewa mapema, Novemba 2026. Barua yangu kwa mwakilishi wa eneo letu ipo tayari, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na nimeambatisha risiti ya deli. Aliye na risiti ya aina hiyo, iliyotozwa kodi ndani ya siku zile 3 kwa sababu ya usafiri, naomba afute jina na anwani yake kisha aiweke hapa chini, tuzipeleke zote pamoja.